Wanja Usiouzwa

Sheria iliyonirudisha nyumbani iliandikwa Brussels mwaka 1976, mwaka ule ule niliozaliwa, na watu ambao hawakujua kama duniani kuna mtaa unaoitwa Aston. Waliandika kwamba vitu vya kujipaka mwilini visiwe na sumu, wakataja madini yasiyotakiwa kugusa ngozi ya binadamu, risasi ikiwa mojawapo. Miaka miwili baadaye Uingereza, iliyokuwa bado mgeni katika Soko la Pamoja, ikaiandika sheria hiyo upya kwa maneno yake. Lakini sheria haina miguu. Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye rafu ya duka ni safari, na katika Birmingham ya wakati ule sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanywa kwa basi, na mwanamke mmoja mfupi mwenye mafua yasiyokwisha, jina lake Tara.

Nataka kumweleza Tara kwa sababu watu wa namna yake hawaelezwi. Mtoto akipona, tunamshukuru daktari. Mtoto asipougua hatumshukuru mtu, kwa kuwa hatujui kwamba kulikuwa na mtu.

Alizaliwa Jinja, baba yake akiwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Mwaka 1972, Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda, alikuwa msichana aliyemaliza shule na kujifunza kupiga taipu. Alishushwa katika kambi ya zamani ya jeshi, mashariki mwa Uingereza, mahali ambapo upepo ulipita chini ya milango na chakula chote kilikuwa na rangi moja. Hapo ndipo Chhotubhai alipomkuta.

Chhotubhai alitoka kijiji kimoja na mama yake Tara kule Gujarat, na hiyo ilitosha kuwa undugu. Yeye alikuwa ametangulia. Kwa miaka mingi aliuza sufuria, blanketi na sukari katika mji wa Kisii, hadi leseni za biashara zilipoanza kuwa ngumu kwa Wahindi, naye akafunga duka na kuja Birmingham mwaka 1968. Pale Aston alifungua duka lingine, dogo zaidi, karibu na uwanja wa mpira, ambako Jumamosi kelele za mashabiki zilitikisa mitungi ya bizari. Aliposikia kuna binti wa kwao kambini, aliazima gari la mizigo, akaendesha siku nzima.

"Nguo zako ni hizo tu?" alimuuliza, akitazama sanduku lake.

"Ni hizi tu, Mzee."

"Basi gari litarudi jepesi. Panda."

Akampa chumba juu ya duka, na mkewe Vidya akampa shuka, sweta na karipio kwa kuwa mwembamba. Tara alimwita Vidya Masi, kama Wagujarati wanavyomwita mama mdogo. Chhotubhai alibaki Mzee, kwa Kiswahili, lugha ambayo wale wawili waliipenda kwa utani kwa sababu ilikuwa imebaki kama nguo ya nyumbani: haivaliwi kwenda mjini, lakini haitupwi.

Tara alipata kazi ya taipu katika ofisi ya kaunti iliyolinda wanunuzi. Siku aliyoleta habari hizo, Chhotubhai aliweka mikono kiunoni.

"Ofisi gani? Ile inakuja kupima mizani yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Wanawake wa siku hizi! Nimelisha polisi ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

"Kama mizani yako ni ya haki, Mzee, unaogopa nini?"

"Siogopi. Lakini kabla hujaripoti, maliza chapati."

Mkubwa wa Tara aliitwa Bwana Tranter, mzaliwa wa Tyseley, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayezungumza kanisani. Alianza kazi kwa kupima magunia ya makaa ya mawe na bilauri za bia, kuhakikisha maskini hapunjwi. Kisha mambo yakabadilika mikononi mwake. Zikaja kanuni za hita za mafuta ya taa, za nguo za kulalia za watoto zisishike moto haraka, za rangi kwenye vitu vya kuchezea. Na baada ya Uingereza kuingia Soko la Pamoja, makabrasha kutoka Ulaya yakaanza kupanda juu ya meza yake. "Miaka yote nimepima uzito wa vitu," alimwambia Tara. "Sasa wananiambia nipime ubaya wao."

Waliupima walivyoweza. Ofisini kwao kulikuwa na dubu wa kuchezea waliong'olewa macho, kwa sababu jicho linalong'oka kwa urahisi humpalia mtoto. Kulikuwa na magari ya bati yaliyokwanguliwa rangi, na hita iliyoangushwa makusudi hadi sakafu ikaungua. Watu wachache, gari moja bovu, na mji wenye viwanda visivyohesabika. Tara, ambaye alisema Kigujarati, Kipunjabi cha sokoni, Kiganda na Kiswahili, hakukaa sana kwenye taipu. Bwana Tranter aligundua kwamba duka lililomfungia yeye mlango lilimpa Tara kiti na chai. Akamtoa nje, na Tara aliifanya kazi ile hadi alipostaafu, akitembea na mkoba, mwavuli na leso.

Mimi naingia katika habari hii nikiwa nimebebwa.

Mama yangu, Kemunto, alitoka Kisii mwaka 1969 kuja kusomea uuguzi. Baba alikuwa akisoma London na kuja kwetu mwisho wa mwezi, akiwa na vitabu na nguo chafu. Mama alipangisha chumba Aston, na siku moja akiwa anatafuta unga wa mahindi aliingia katika duka la Mhindi. Mwenye duka alimtazama mara moja, akasikia anavyotamka jina la kitu alichotaka, akamwambia kwa Kigusii, "Bwakire buya!" Miaka yote ya ugenini hakuna aliyemsalimu asubuhi kwa lugha ya mama yake, na sasa imetoka katika kinywa cha Chhotubhai, katikati ya dengu na sabuni.

"Wewe ya Kisii wapi?" akamuuliza.

"Nyaribari."

"Ah! Watu ya Nyaribari nakopa, lakini nalipa. Kaa, sista. Kaa."

Kwa hiyo nilipozaliwa na likizo ya mama ikaisha, hakufikiria mara mbili. Asubuhi alinipeleka kwa Vidya, nyuma ya duka, akaenda hospitali, jioni akanichukua. Vidya alinilea kama alivyolea wajukuu wake. Alinilisha wali na mtindi, alinikanda kwa mafuta, na hakuniita Kerubo bali Kiru. Mama hakuwahi kulipia malezi yale. Kila alipojaribu, Vidya aliziba masikio.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo wanawake wale wawili hawakuliongea. Mama yangu ni Msabato, wa familia ya Wasabato. Kwetu hakuna hereni, hakuna rangi ya mdomo, hakuna bangili. Na kwa Vidya mtoto asiyepakwa wanja ni mtoto aliyeachwa mlango wazi; kila jicho la husuda litaingia. Vidya hakutaka kuvunja dini ya mwenzake, wala hakuweza kuniacha wazi. Akatafuta njia ya kuheshimu yote mawili. Asubuhi mama alipoondoka, alinipaka wanja. Jioni, kabla mama hajafika, alinifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, taratibu, hadi kope zikawa safi. Mama alinipokea nikinukia nazi, akashukuru kwa usafi.

Mwanzoni wanja ule haukuwa na neno. Ulikuwa masizi ya taa ya samli, ambayo Vidya aliyatengeneza mwenyewe kama mama yake alivyomfundisha. Duka liliuza wanja mwingine: unga wa jiwe la kijivu linalong'aa, katika vikopo vidogo vya bati, ulioingizwa kutoka ng'ambo na kupendwa na wateja wengi, wa dini zote. Jiwe hilo ndilo lenye risasi. Vidya hakulitumia. Alisema bidhaa ni ya wateja.

Vuli ya 1978 Tara aliingia dukani na tangazo jipya la ofisi yake. Alikuwa ametembea Aston yote.

"Mzee, hivi vikopo. Haviruhusiwi tena kuuzwa. Vina risasi, vinaweza kudhuru watoto."

Chhotubhai alivaa miwani, akasoma tangazo lote, kisha akalisoma tena. "Wamesema wapi hawa?"

"Imeanzia Ulaya. Sasa ni sheria ya hapa."

"Babu yangu alipakwa. Alikufa mzee, akiona sindano gizani."

"Mzee."

"Sijakataa! Mimi nimehama nchi moja kwa ajili ya karatasi ya serikali. Sitagombana na serikali ya pili kwa ajili ya kikopo." Akapanda ngazi mbele yake, akashusha vikopo vyote, akavitia katika boksi la sabuni. "Andika huko kwenu: Chhotubhai hauzi. Kuanzia saa hii."

Bwana Tranter, kama kawaida ya kazi yao, alimtuma mtu asiyejulikana dukani ili ajaribu kununua. Alikuwa Jaswinder, mama wa Kisingasinga aliyefanya usafi ofisini. Akarudi mikono mitupu. "Nimembembeleza," alisema. "Amenihubiria sheria mpaka nikaona aibu." Bwana Tranter akacheka kwa furaha. Duka lile likahesabiwa kuwa safi, na Tara akaona fahari kwa ajili ya mtu aliyemchukua kambini.

Januari iliyofuata ilikuwa ya theluji na migomo. Takataka zilirundikana mitaani, mochari na hospitali zilikuwa na wafanyakazi nusu, na mama alifanya zamu juu ya zamu. Katika uchovu huo hakuona haraka kwamba mtoto wake amebadilika. Nilikuwa nimeanza kusema sentensi fupi, nikaacha. Nikawa mweupe wa midomo, nashika tumbo, nakataa chakula, nalia nikiguswa. Siku niliyoanguka nikitoka mlangoni hadi kitandani, mama alinifunga blanketi akanibeba hadi hospitali yake mwenyewe. Wakapima damu. Daktari, kijana mpole aliyekuwa hajalala, akamwambia kwamba mwilini mwangu mna risasi, nyingi.

Walianza kunichoma sindano za kuitoa. Lakini daktari alisema jambo ambalo mama hajalisahau. "Hatuwezi kumruhusu arudi nyumbani hadi tujue inatoka wapi. Tukimrudisha pale pale, tutampoteza."

Hapo ndipo ofisi ya Tara ilipoitwa.

Yeye na Bwana Tranter walikuja kwenye chumba chetu na visu vidogo na chupa. Walikwangua rangi ya dirisha na ya kitanda changu. Walichota maji ya bomba ya asubuhi. Walichukua kikombe changu, mwanasesere wangu, penseli za rangi, hata sufuria ya ugali. Mama alisimama kando akiwatazama. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama kuchemsha chupa za maziwa sasa alikuwa akipekuliwa. Tara alikuwa rafiki yake wa kila siku, lakini asubuhi ile alimwambia tu, "Samahani, dada. Inua mguu kidogo."

Vyote vilirudi kutoka kwa mkemia vikiwa salama. Rangi safi, maji safi, kikombe safi.

Pale wodini daktari alikuwa na mazoea ya kuwauliza akina mama wa Kihindi na wa Kipakistani kuhusu wanja, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa umeshaonekana mjini. Mama yangu hakuulizwa, alikuwa Mwafrika. Na kama angeulizwa, angesema hapana, akaapa, na asingekuwa amedanganya.

Siku zilivyokwenda, mama alianza kupoteza matumaini. Alikuja kukaa kando ya kitanda changu baada ya zamu, akiwa bado na kofia ya uuguzi, akanisomea zaburi kwa Kigusii. Damu yangu ilikuwa ikisafika. Lakini nyumbani palikuwa na kitu kisichojulikana kinachonisubiri, na maofisa wa ustawi wa watoto walikuwa wameanza kuulizana kama nipelekwe kwa familia nyingine.

Ndipo Tara akasema, "Tumepima anapolala. Hatujapima anaposhinda."

Wakaenda dukani, yeye na Bwana Tranter. Bwana Tranter alibaki mbele akizungumza na Chhotubhai. Tara alipita nyuma kuchukua vitu nilivyochezea. Vidya alikuwa ameketi sakafuni, hajasuka nywele. Tangu nilazwe hakuwa akila vizuri. Alimshika Tara mkono, akamvuta chini, akazungumza kwa sauti ndogo kwa Kigujarati. Maneno yake Tara alinitafsiria mimi miaka mingi baadaye, akitua kila mara kupiga chafya.

"Tara, wewe unaruhusiwa kuingia wodini?"

"Naingia, Masi."

"Basi nifanyie jambo moja, na usimwambie Kemunto." Akafungua pindo la sari yake, akatoa kikopo kidogo cha bati. "Nilimpaka kila siku, sikukosa hata siku moja. Na bado jicho limempata. Sasa yuko kule peke yake, hana kitu machoni. Mpake. Kidogo tu. Halafu umfute kabla mama yake hajaja, kwa nazi, mimi hufanya hivyo."

Tara alikitazama kikopo. Alikuwa amevishusha vikopo kama hivyo kwenye rafu za maduka yote ya Aston.

"Masi, wewe hutengeneza wako. Wa samli."

"Nilikuwa natengeneza. Lakini moshi unaharibu dari, na samli hapa ni ghali, na kulikuwa na boksi zima la huu. Mzee wako amekatazwa kuuza. Tungeutupa? Kitu kizuri?"

Tara aliniambia kwamba pale sakafuni aliona njia mbili waziwazi. Angeweza kukitia kikopo mkobani, akamnong'oneza daktari, na mtoto akapona bila mtu kujua. Mzee aliyekuja kumchukua kambini asingeguswa. Lakini lilikuwa boksi zima. Akainuka, akaenda mbele ya duka akiwa amekishika kikopo kwenye kiganja kilicho wazi, ili kila mtu akione.

"Mzee. Ulisema huuzi."

"Siuzi!" Chhotubhai alijibu kwa Kiswahili, akimgeukia Bwana Tranter kama shahidi. "Uliza mtu yote. Mimi hapana uza."

"Hiki kimetoka wapi?"

"Hiyo?" Uso wake ukang'aa. "Hiyo natoa bure. Mtu nakuja na mtoto mpya, napa yeye moja, baraka. Zawadi nani nauza?"

"Umewapa watu wangapi?"

"Wote! Kila nyumba iko na mtoto. Boksi karibu nakwisha." Kisha akaona sura ya Tara, na mkono wake uliokuwa hewani ukashuka taratibu. "Nini? Tara. Nini?"

Tara akamwambia. Nyuma ya pazia Vidya alikuwa amesikia, na sauti iliyomtoka, Tara hakuwahi kuniigizia.

Bwana Tranter aliomba atafsiriwe. Aliposikia yote, aliketi juu ya gunia la mchele, akavua kofia. Hakukaripia. "Tulimwandikia asiuze," alisema polepole. "Huenda ndiye mtu pekee katika mji huu aliyefuata neno letu lote kama lilivyo. Kosa la kwanza ni letu."

Lakini kazi ilikuwa kazi. Kwa desturi ya ofisi yao, tangu enzi za kupima maziwa, sampuli hugawanywa mafungu matatu mbele ya mwenye duka: moja kwa mkemia, moja la kuhifadhiwa, na moja hubaki kwake, ili mkemia akikosea naye awe na cha kujitetea. Tara ndiye aliyegawanya. Alimimina unga ule wa kijivu juu ya karatasi, akaukata kwa kisu, akaufunga, akayeyusha nta nyekundu. Akatia muhuri mafungu yote matatu.

"Hili ni lako, Mzee. Ni haki yako."

Chhotubhai alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekulisha miaka," alisema, sasa kwa Kigujarati, "na leo unanipa fungu langu kama mgeni."

"Nakupa kama mtu wa haki."

Akalifikiria hilo. Kisha akauliza swali ambalo Tara alilihesabu kuwa heshima kuu ya maisha ya mzee yule. Hakuuliza kama atashtakiwa. Aliuliza, "Hao wengine. Watoto wengine. Tutawafikiaje kabla ya kesho?"

Mkemia alijibu kwamba zaidi ya nusu ya unga ule ulikuwa risasi. Lakini Chhotubhai hakungoja jibu lake. Shida ilikuwa moja: zawadi ya mtoto mchanga hairudishwi. Kuichukua ni kama kumtolea mtoto baraka mwilini, na hakuna mama ambaye angekubali, tangazo liseme lisemalo. Vidya, macho yamevimba, ndiye aliyesema, "Hatuchukui. Tunabadilisha." Akawasha taa ya samli nyuma ya duka, akafunika sahani ya shaba juu yake, akakaa nayo bila kujali dari. Moshi ukafanya masizi, masizi yakachanganywa na samli, yakatiwa katika vikopo vipya. Ofisi ikaupima na wanja huo. Haukuwa na risasi hata chembe.

Jumamosi iliyofuata, wakati maelfu wakielekea uwanjani na skafu zao, mzee mmoja na mwanamke mfupi walikuwa wakipanda kinyume na umati, katika theluji iliyogeuka tope, wakibisha mlango baada ya mlango. Chhotubhai alijua kila nyumba aliyotoa zawadi; hakuhitaji kuandikiwa.

"Chhotubhai!" Nazir, dereva wa basi aliyetoka Nakuru, alimfokea kwa kicheko mlangoni. "Juzi unagawa, leo unakusanya. Umekuwa serikali?"

"Mimi iko serikali ndogo," Chhotubhai akajibu. "Serikali kubwa ni hii hapa, iko na mafua. Lete kikopo. Na kesho peleka mtoto hospitali, pima damu."

Nazir aliacha kucheka. Akaenda kukileta.

Walivipata vyote. Watoto kadhaa walikutwa na risasi kidogo katika damu, hakuna aliyekuwa nayo kama mimi, na wote walitibiwa wakapona. Chhotubhai hakupelekwa mahakamani. Wakubwa wa ofisi walisikiliza maelezo ya Bwana Tranter, wakaona kwamba onyo latosha. Tangazo likaandikwa upya kwa lugha tano. Lile la Kiswahili aliliandika Tara mwenyewe, na mama alinihifadhia nakala yake. Linasema: usiuze, usigawe, usipake, hata kwa mapenzi. Wakubwa walitaka kuyafuta maneno matatu ya mwisho kwa kuwa si ya kisheria. Bwana Tranter akakataa.

Ilibaki kumwambia mama. Tara alimwambia wodini, wakiwa wamesimama kando ya kitanda changu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Alinificha," alisema.

"Alikufichia, dada. Kwa kuheshimu dini yako."

"Angeniuliza!"

"Ungemkubalia?"

Mama aliniambia alikasirika siku nyingi, hasira ya mtu asiye na adui wa kumkasirikia. Aliomba likizo bila mshahara. Niliporuhusiwa kurudi, mwanzoni mwa Machi, alikaa nami chumbani, akipita upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya duka. Chhotubhai alimwona kupitia kioo na hakutoka. Ila kila asubuhi kwenye ngazi yetu palikuwa na unga, au ndizi, au mtindi katika bakuli lililofunikwa kwa sahani, na mama alijua mikono iliyolifunika.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya zamu ya kwanza alinivisha koti, akanishika mkono, akavuka barabara.

Tara alikuwepo dukani, akinywa chai kabla ya kazi. Vidya alikuwa nyuma ya kaunta. Aliponiona aliificha mikono yake ndani ya sari, kana kwamba ndiyo iliyokuwa na sumu. Mimi ndiye niliyemwendea, wanasema, kwa kuwa sikujua kuna jambo.

"Mama, nimechelewa zamu," mama yangu akasema. "Mshike."

"Mimi?" Vidya akauliza. "Bado mimi?"

"Nina mama mwingine hapa Aston?"

Vidya hakuitoa mikono. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Kemunto, mimi hapana jua kukaa na mtoto wazi. Mimi naogopa. Sasa nasema kwako kwanza, sifichi. Hii ya samli, serikali napima, iko safi. Nukta moja. Kama unakataa, mimi naacha."

Mama alimtazama Tara, na Tara akakitazama kikombe chake cha chai. Jambo hilo halikuwa katika kanuni zozote alizozijua. Nadhani mama alifikiria kanisa, na mama yake kule Nyaribari, na chumba kile cha wodi. Kisha akainama, akaniondolea kofia, akakunja sikio langu mbele kwa kidole.

"Hapa nyuma," alisema. "Mungu ataona, mchungaji hataona."

Vidya akaitoa mikono yake.